Maisha ya Bwana George Eastman, na Habari za Vipimo vya Filamu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike muhula huu maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, ili wanafunzi wapate jambo la kujifunza. Wengi hupenda kuandika habari za wafalme, majemadari na wasafiri. Mimi nimemchagua karani wa benki. Jina lake ni George Eastman, Mmarekani, mwanzilishi wa kampuni ya Kodak. Alikuwa tajiri mkubwa, lakini utajiri wake haukunivuta sana. Kilichonivuta ni jambo dogo ambalo watu wachache hulifikiri, nalo ni upana wa utepe wa filamu.

Kila mtu aliyekwenda sokoni anajua faida ya kipimo. Muuzaji akipima mchele kwa kibaba chake, na mnunuzi akaja na kibaba kingine, hapana biashara hapo, kuna ugomvi. Lakini wakikubali wote kibaba kimoja, hata mtoto mdogo aweza kutumwa dukani. Katika picha ni vivyo hivyo. Mtu mmoja hutengeneza kamera Ujerumani, wa pili hutengeneza filamu Marekani, wa tatu husafisha picha Tanga. Watu hao hawajuani, wala hawataonana maisha yao, na kazi zao zitakutana tu kama wanatumia kipimo kimoja. Nitasimulia jinsi vipimo hivyo vilivyopatikana, na jinsi maisha ya Bwana Eastman yalivyofungamana navyo. Wala sitaficha mambo yasiyompa sifa, maana kusoma maisha ya mtu kwa upande mmoja ni sawa na kutazama picha iliyokatwa nusu.

Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai, 1854, katika mji mdogo wa Waterville, jimbo la New York. Alikuwa kitinda mimba, akiwa na dada wawili. Baba yake alikuwa na chuo cha biashara katika mji wa Rochester, ambako vijana walifundishwa kuandika hesabu. Mwaka 1862 baba akafariki, na mtoto alikuwa hajatimiza miaka minane. Fedha zikapungua. Mama yake, Bibi Maria, akapokea wapangaji nyumbani, akiwapa chumba na chakula, ili wanawe wapate riziki. Dada yake mmoja alikuwa amelemazwa na ugonjwa wa polio, naye akafa mwaka 1870.

Mwaka 1868 kijana aliacha shule akaenda kufanya kazi ya utarishi katika ofisi ya bima, kwa mshahara wa dola 3 kwa juma. Alikuwa na daftari ambamo aliandika senti iliyoingia na senti iliyotoka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilianza kujaa polepole. Usiku alijifunza hesabu nyumbani, hata mwaka 1874 akaajiriwa karani katika benki ya akiba ya Rochester, na mshahara wake ukawa dola 15 kwa juma. Sasa aliweza kumpunguzia mama yake mzigo.

Alipokuwa na miaka 23, mwaka 1877, alikusudia kusafiri hadi Santo Domingo, katika bahari ya Karibi. Mwenzake kazini akamshauri achukue kamera, apate kuleta picha za nchi ile. Eastman akanunua vyombo, akalipa dola 5 kwa kufundishwa kuvitumia. Safari yenyewe hakwenda kamwe, lakini vyombo vile viligeuza maisha yake.

Yafaa nieleze vilikuwa vyombo gani, maana mwanafunzi wa leo hupiga picha kwa simu akitembea. Wakati ule picha ilipigwa juu ya kioo. Mpiga picha alichukua kamera kubwa na miguu yake mitatu, hema la giza, chupa za dawa, beseni, maji, na vioo vyenyewe. Aliingia hemani, akapaka kioo dawa, akakitia kamerani kikiwa bado kibichi, akapiga picha, kisha akarudi mbio hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Kikikauka, picha imeharibika. Vioo navyo vilikuwa vya ukubwa mbalimbali, kila kamera na kioo chake, na mtu aliyetaka picha kubwa hakuwa na budi kubeba kamera kubwa.

Eastman akachoshwa na mzigo huo. Akasoma katika magazeti ya Uingereza kwamba mafundi wa huko wamepata njia ya kuchanganya chumvi za fedha na jeletini, wakapaka kioo, kikakauka, na kikawa bado chaweza kupokea mwanga. Basi akaanza kujaribu mwenyewe. Mchana alikuwa karani. Usiku alikoroga dawa katika jiko la mama yake, na mara nyingine usingizi ulimchukua papo hapo sakafuni. Akabuni mashine ya kupaka vioo vingi upesi, na mwaka 1879 akaenda London kupata hati ya haki ya uvumbuzi wake. Mwezi wa Aprili, 1880, akapanga chumba katika jengo moja la Rochester akaanza kutengeneza vioo vikavu vya kuuza. Tarehe 1 Januari, 1881, akaungana na Bwana Henry Strong, mmoja wa wapangaji wa mama yake, wakafanya kampuni. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo akaacha kazi ya benki.

Haukupita muda mrefu kabla ya kupatwa na jaribu. Mwaka 1882 vioo vilivyokwisha kupelekwa madukani vilianza kufa, yaani vilikataa kupokea mwanga sawasawa. Kampuni ilikuwa changa na fedha zilikuwa chache. Eastman aliweza kukaa kimya akawaachia hasara wenye maduka. Yeye akavirudisha vile vibovu, akatoa vizuri badala yake, ingawa jambo hilo lilikaribia kumfilisi. Kisha yeye na Strong wakavuka bahari hadi Uingereza kutafuta sababu, wakagundua kwamba dosari ilikuwa katika jeletini waliyokuwa wakinunua. Tangu siku hizo hakuacha tena kupima malighafi kabla ya kuitumia. Mimi ninapowafundisha wanafunzi kazi ya maabara, hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vingine vyake vyote.

Baada ya kioo kikavu, Eastman alitaka kukiondoa kioo chenyewe. Kioo ni kizito, tena huvunjika. Mwaka 1885 yeye na fundi William Walker walikuwa wakiuza kifaa cha kushika karatasi iliyopakwa dawa, iliyokunjwa kama bunda la kitambaa. Mpiga picha alizungusha ufunguo, na sehemu mpya ikaja mbele ya lenzi. Hapa ndipo unapoanza utepe, na utepe ukianza, swali la upana halikwepeki. Kioo chaweza kukatwa cha ukubwa wowote, kimoja kimoja. Utepe hupita juu ya magurudumu na ndani ya mfereji, na ukizidi au ukipungua hata kidogo, haupiti.

Mwaka 1888 akatoa kamera aliyoiita Kodak. Neno hilo halina maana katika lugha yoyote. Alilibuni kwa sababu aliipenda herufi K, na alitaka jina fupi lisiloweza kukosewa. Kamera ilikuwa kisanduku cha kushikwa mikononi, bei yake dola 25, nayo iliuzwa ikiwa na utepe wa picha 100 ndani yake. Picha zilikuwa za duara, na upana wa duara ni inchi 2 na nusu. Utepe wenyewe ulikuwa na upana wa inchi 2 na robo tatu, yaani karibu milimita 70. Ninaomba msomaji aishike namba hiyo ya 70, maana tutairudia. Picha zilipokwisha, mwenye kamera aliipeleka yote Rochester kwa posta pamoja na dola 10. Huko walisafisha picha, wakatia utepe mpya, wakamrudishia. Kwa mara ya kwanza mtu asiyejua dawa wala chumba cha giza aliweza kupiga picha za watoto wake.

Karatasi ilikuwa na kasoro, kwa kuwa nyuzi zake zilionekana katika picha. Mwaka 1889 mkemia wa kampuni, Bwana Henry Reichenbach, alitengeneza utepe mwangavu kama kioo, wenye kukunjika kama karatasi, kutokana na pamba iliyotiwa asidi. Utepe huo ndio filamu tunayoijua.

Lakini Reichenbach hakuwa wa kwanza. Katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, palikuwa na kasisi mmoja, Hannibal Goodwin, aliyetaka kuwaonyesha watoto wa kanisa lake picha za habari za Biblia. Vioo vilimchosha, naye akatengeneza filamu ya namna hiyohiyo chumbani mwake, akapeleka maombi ya hati mwezi wa Mei, 1887, miaka miwili kabla ya Eastman kuanza kuuza ya kwake. Maombi yake yalizungushwa ofisini miaka kumi na mmoja, hata hati ikatolewa mwaka 1898. Mwisho wa mwaka 1900 mzee akafa kabla kiwanda chake hakijasimama. Kampuni nyingine ilinunua haki yake, ikamshitaki Eastman, na mwaka 1914 kampuni ya Eastman ikalipa dola 5,000,000. Fedha hizo zilikuwa nyingi, lakini Goodwin hakuziona. Wanafunzi wengi wanajua jina la Kodak. Ningependa wajue na jina la kasisi huyu.

Sasa tuirudie ile namba ya 70. Bwana Thomas Edison, mvumbuzi wa santuri, alitaka mashine ya kuonyesha picha zinazotembea. Kazi hiyo alimpa msaidizi wake, William Dickson. Dickson alihitaji utepe mrefu mwembamba, akaagiza filamu ya Eastman ya milimita 70, na kuukata katikati kwa urefu. Mwanafunzi wa darasa la nne aweza kunipa jibu: nusu ya 70 ni 35. Hapo ndipo ilipozaliwa filamu ya milimita 35, kwa mkasi wa uchumi, ili utepe mmoja utoe tepe mbili bila kupotea kitu. Kisha Dickson akatoboa matundu pande zote mbili, matundu manne kila upande kwa kila picha, meno ya gurudumu yapate kuushika na kuusogeza picha moja moja. Picha yenyewe ilipata upana wa milimita 24 na kimo cha milimita 18. Katika futi moja ya utepe zilikaa picha 16.

Mashine ya Edison ilitazamwa na mtu mmoja mmoja kwa kuchungulia. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha ukutani mbele ya watu wengi. Filamu yao nayo ilikuwa na upana wa milimita 35, lakini matundu yao yalikuwa ya duara, moja kila upande kwa picha. Wengine walitumia upana tofauti kabisa. Ikawa fujo: mwenye sinema alinunua picha nzuri, akakuta haipiti katika mashine yake. Mwezi wa Februari, 1909, watengenezaji wa sinema walikutana Paris, na Eastman alikuwapo, maana filamu tupu nyingi zilitoka kwake. Huko kipimo cha milimita 35 chenye matundu manne kilikubaliwa kuwa cha wote. Tangu hapo filamu iliyopigwa nchi moja iliweza kuonyeshwa katika nchi yoyote. Sauti ilipokuja, picha zikawa 24 kwa sekunde. Mwanafunzi na apige hesabu: 24 mara 60 ni picha 1,440 kwa dakika, gawanya kwa 16, utapata futi 90 za filamu kila dakika.

Wakati huohuo Eastman hakuwasahau wapiga picha wa nyumbani. Mwaka 1900 akatoa kamera iitwayo Brownie, ya dola 1 tu, akiwakusudia watoto. Mwaka 1901 ikaja Brownie ya pili na filamu yake pana, milimita 61 hivi, iliyofungwa pamoja na karatasi nyeusi ili mwanga usiingie. Mwaka 1912 ikaja kamera ya kutiwa mfukoni, ambayo askari wengi waliibeba katika vita vya 1914 hadi 1918. Filamu zilizidi kuwa za namna nyingi, hata kampuni ikaamua mwaka 1913 kuzipa namba kuanzia 101. Ile ya Brownie ya pili ikaitwa 120, na ile ya mfukoni 127. Nawaonya wanafunzi wasidanganyike: 120 si milimita 120. Ni namba ya orodha tu, kama namba ya nyumba mtaani.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi siku za likizo katika studio ya picha ya mjini kwetu. Kazi yangu ilikuwa kusafisha filamu, na namba hizi nilizijua kwa vidole gizani. Filamu ya 120 ni pana, haina matundu, nayo hutoa picha 8, 12 au 16 kwa kadiri ya kamera. Tuliitumia kwa picha za arusi na za familia, kwa kuwa picha yake kubwa huonyesha hata ushanga wa bibi arusi. Filamu ya 35 ni nyembamba, ina matundu pande zote mbili, na picha zake ni 36. Nilikuwa nikijiuliza matundu yale ya nini, maana kamera nyingine zilipiga picha vizuri bila matundu.

Jibu linatoka Ujerumani. Katika mji wa Wetzlar, katika kiwanda cha Leitz cha hadubini, palikuwa na fundi aitwaye Oskar Barnack. Alikuwa na afya dhaifu, wala hakuweza kubeba kamera kubwa milimani. Mnamo mwaka 1913 na 1914 akaunda kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema. Picha ya sinema aliiona ndogo mno, basi akazichukua mbili akazifanya moja: 18 mara 2 ni 36. Picha yake ikawa milimita 24 kwa 36, na kila picha ikachukua matundu manane badala ya manne. Kamera hiyo, iitwayo Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925. Kumbe matundu niliyoyapapasa gizani yalikuwa ya Dickson, na upana ulikuwa nusu ya utepe wa Eastman.

Pamba iliyotiwa asidi ina ubaya mkubwa. Ni ndugu wa baruti: huwaka kwa urahisi, na moto wake hauzimiki kwa maji. Majumba ya sinema yaliungua katika nchi nyingi. Tarehe 15 Mei, 1929, filamu za eksirei za namna hiyo zilishika moto katika hospitali moja ya Cleveland, Marekani, na watu zaidi ya 120 wakafa, wengi kwa moshi wenye sumu. Eastman alijua hatari hiyo mapema. Karibu na mwaka 1909 kampuni yake ilijaribu kuuza filamu isiyowaka upesi, lakini watu wa sinema waliilalamikia kwamba haidumu, nayo kampuni ikarudia ile ya hatari. Ilichukua mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuiacha kabisa kwa sinema. Hili nalihesabu katika deni lake na la wenzake, maana biashara ilitangulia usalama.

Kwa sinema za nyumbani, hata hivyo, alisimama imara. Mwaka 1923 kampuni ilitoa filamu ndogo kwa ajili ya familia na shule, nayo ilikuwa ya namna isiyo ya hatari tu. Je, ingekuwa na upana gani? Nusu ya 35 ni 17 na nusu. Lakini kama wangechagua kipimo hicho, mtu mwenye tamaa angeweza kuikata katikati filamu ya hatari na kuiuza kwa watu wa nyumbani. Wakachagua milimita 16, na filamu ya sinema haikuweza tena kugeuzwa kwa mkasi. Milimita moja na nusu iliwekwa kati ya watoto na moto.

Filamu hiyo ya milimita 16 ilifika hata kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya majaribio huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ya kutengeneza picha za sinema za mafunzo, na picha hizo zilipigwa kwa filamu ya milimita 16, kisha zikazungushwa kwa lori vijijini. Wazee wengi waliona sinema yao ya kwanza usiku, katika uwanja wazi, kwenye shuka jeupe, kutoka mashine ya kipimo hicho.

Eastman mwenyewe aliitembelea Afrika Mashariki. Mwaka 1926, akiwa amepita miaka 70, alikuja kwa meli hadi Mombasa na kupita Nairobi, akifuatana na Bwana Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York. Walikuja kuwinda wanyama wa kuwekwa katika jumba hilo, na Eastman alichukua kamera yake ya sinema ya milimita 16. Alifika pia Ziwa Paradise, huko Marsabit, ambako Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe, walikuwa wakipiga sinema za wanyama. Na kambini alipenda kuingia jikoni kuoka mikate na keki, kama mtoto wa mama mwenye wapangaji.

Hakuoa. Mama yake, aliyekaa naye siku zote, alikufa mwaka 1907, na msiba huo ulimwumiza sana. Mali yake aliigawa akiwa hai. Alikipa chuo cha ufundi cha Massachusetts mamilioni ya dola kwa jina la uongo la Bwana Smith, na kwa miaka mingi watu hawakujua ni nani. Alijenga chuo cha muziki Rochester, akafungua zahanati za meno za watoto huko na katika miji kadhaa ya Ulaya, ikiwamo London na Rome. Tangu mwaka 1912 wafanyakazi wake walipata sehemu ya faida. Alivipa fedha nyingi pia vyuo vya Tuskegee na Hampton, vya Wamarekani weusi. Lakini ni haki kusema kwamba katika viwanda vyake mwenyewe mtu mweusi alikuwa nadra kupata kazi, na hali hiyo iliendelea miaka mingi baada yake. Mkono uliotoa sadaka haukufungua mlango.

Mapenzi yake ya vipimo yalikuwa makubwa hata akataka kuibadilisha kalenda. Aliona miezi yetu haina mpango, mmoja siku 28, mwingine 31, akapendelea mwaka wa miezi 13 ya siku 28, na siku moja pembeni. Kampuni yake ilitumia kalenda hiyo kwa hesabu zake tangu 1928 hadi 1989. Lakini ulimwengu haukumfuata. Naona tofauti ni hii: kipimo cha milimita 35 kilikubaliwa na wengi waliokihitaji, kalenda yake ilikubaliwa na ofisi zake tu.

Katika miaka yake ya mwisho uti wa mgongo wake uliugua, akawa hawezi kusimama wala kutembea bila maumivu makali. Tarehe 14 Machi, 1932, alijitoa uhai nyumbani kwake, akiwa na miaka 77. Sitaki kulipita jambo hili kimyakimya, maana wasomaji wangu ni vijana. Mtu aliyewatajirisha wengi alikuwa peke yake na maumivu yake. Mwanafunzi akiona dunia imemwelemea, na amwendee mwalimu, mzazi au mwenzake, aseme. Kusema si udhaifu.

Miezi michache baadaye kampuni ilitoa filamu ya milimita 8, iliyokuwa ni ile ya 16 iliyopigwa upande mmoja, ikageuzwa, kisha ikakatwa katikati. Mwaka 1934 ikatoa filamu ya Barnack ndani ya kasha dogo la tayari, ikaipa namba 135. Kampuni ilitoa na vipimo vingine vilivyofaa kamera za namna maalumu tu: 620, ambayo ni filamu ya 120 katika kibiringo chembamba kisichoingia kamera za 120, kasha la 126 mwaka 1963, kasha la 110 mwaka 1972, filamu ya duara mwaka 1982. Vilitangazwa sana, vikauzwa kwa mamilioni, na Kodak yenyewe ikaja kuacha kuvitengeneza.

Mwaka 1975 mhandisi wa kampuni hiyohiyo, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu kabisa. Kampuni ilikawia kuifuata njia hiyo, na mwaka 1912 wa faida za wafanyakazi ukafuatwa, miaka mia kamili baadaye, na mwaka 2012 wa kufilisika. Iliinuka tena mwaka 2013, ikiwa ndogo kuliko zamani.

Lakini filamu ya 120 na ya 35 bado zinatengenezwa na makampuni ya nchi mbalimbali. Na katika kamera za kidijiti zinazotumiwa na wapiga picha wengi wa magazeti, kipande kile cha kupokea mwanga kimekatwa milimita 24 kwa 36. Hakina matundu, hakina utepe, wala hakipiti juu ya magurudumu. Hakuna sababu ya fundi kuchagua kipimo hicho ila kwamba lenzi za watu wote zilikwisha kutengenezwa kwa kipimo hicho. Katika kabati la maabara yetu kuna kipande cha filamu ya zamani. Mwanafunzi atakayependa na aje na rula, apime upana wake, kisha ahesabu matundu ya picha moja. Akimaliza, nitamwuliza ni kazi ya watu wangapi anayoishika mkononi, na sitakubali jibu lenye jina moja.